Mtu Mmoja Aliyesimama Tuli

Habari ilifika Windsor kabla ya sala ya asubuhi, na kama ilivyo ada ya habari mbaya, haikungoja kukaribishwa. Bwana Everard Stannick, mmoja wa Mabwana wa Ukanda, udugu wa heshima kuu ya ufalme, alikuwa amekamatwa pamoja na waasi wa kaskazini. Amehukumiwa London kuwa ni mhaini, na sasa anangoja shoka. Lakini kabla ya shoka kulikuwa na jambo jingine. Mtu aliyefungwa Ukanda na wafalme haachiwi afe nao akiwa amemwasi Malkia. Kwanza huvuliwa.

Giles Pennifold alikuwa akifunga vifungo vya joho lake jekundu aliposikia. Vidole vikasahau kazi yake.

"Sema tena," alimwambia Barnaby Croome, jirani yake wa ukuta kwa ukuta, aliyeingia bila kubisha hodi kama kawaida.

"Niseme mara ngapi, bwana wee? Korongo wako wa kanisani anateremshwa. Wapiga mbiu wako njiani na ngazi yao."

Alisema hayo huku akijimegea jibini ya Giles. Huyo ndiye Barnaby. Siku ya kiyama naye atauliza kwanza kama kuna cha kutafuna.

Wazee hawa wawili walikuwa miongoni mwa Waungwana Maskini, na jina hilo hawakulipewa kwa dhihaka, ingawa dhihaka imo. Mfalme wa kale aliyeuanzisha Udugu wa Ukanda alitaka Mabwana wake waombewe kila siku, maana Mabwana wenyewe wana vita vya kupigana, misitu ya kuwinda na wake za watu wa kuwazuru, na nafasi ya kupiga magoti huwa finyu. Basi akawatafutia askari wazee waliofilisiwa na vita. Akawapa vyumba ndani ya ukuta wa kasri, joho na mkate, na kazi yao ikawa ni hiyo tu: kusali. Wakubwa watende dhambi, maskini waombe msamaha. Mpango huo umedumu kuliko mipango mingi iliyo mizuri zaidi.

Ndani ya kanisa la kasri kila Bwana wa Ukanda ana kiti chake cha mbao iliyochongwa. Juu ya kiti huwekwa upanga uliochomolewa nusu, maana yake mwenyewe yu tayari. Juu ya upanga kofia ya vita, juu ya kofia mnyama au ndege wa ukoo wake, na juu ya vyote hutundikwa bendera. Akifa kwa heshima, vitu hivyo hupelekwa madhabahuni. Korongo wa akina Stannick, wa mti uliopakwa dhahabu, mguu mmoja ameukunja, alisimama upande wa kusini miaka na miaka, na Giles alimtazama kila siku ya Mungu sala ikiendelea.

Alikuwa na sababu. Uhai wake ulitoka kwa Everard. Walikuwa Ufaransa, wote wawili damu bado inachemka, jeshi linarudi nyuma chini ya mvua na Giles ana mshale nyongani. Wenye farasi walipanda farasi zao wakaenda. Everard alikuwa na farasi mzuri kuliko wote, na mwaka uleule alikuwa amefungwa Ukanda: utepe wa buluu wenye maandishi ya dhahabu, mguu wa kushoto, chini ya goti. Mtu akifungwa huambiwa aukumbuke kila atakapotaka kukimbia. Everard akashuka topeni, akampandisha Giles, akashika hatamu, akatembea kwa miguu kama mchunga punda. Wenzake wakamcheka. Akawajibu, "Ukanda nilifungwa mguuni, sikufungwa tandikoni."

Vita vilivyofuata Giles alitekwa, akauza shamba la baba yake huko kaskazini kujikomboa, akarudi kwao hana mke wala paa. Ni Everard tena aliyekwenda kumpigia mfalme wa wakati ule magoti mpaka Giles akapata chumba Windsor. Kwa hiyo mkate aliokula, moto aliouota na kitanda alichokilalia, vyote vilikuwa na jina la mtu yule. Hakuwahi kulisahau hilo, na sidhani angeweza hata kama angetaka.

Mchana wake wapiga mbiu wakawasili. Mkubwa wao, kijana mpole mwenye pua nyekundu kwa baridi, aliwakusanya Waungwana Maskini kwenye ukumbi wao wa kulia.

"Wazee wangu," alisema, "mnajua desturi. Mhaini akivuliwa, vitu vyake hutupwa chini kutoka juu ya kiti, kisha husukumwa kwa miguu, si kwa mikono, toka ndani ya kanisa hadi mlangoni, na toka mlangoni hadi handakini nje ya ukuta. Hiyo ni kazi yetu sisi wapiga mbiu. Lakini safari hii baraza la Malkia limeongeza neno. Kila anayekula mkate wa Udugu ataweka mguu wake pia."

"Ataweka nini?" aliuliza Hamon Tuke, ambaye sikio lake moja lilibaki Scotland.

"Mguu, mzee. Teke moja linatosha."

"Na asiyeweka?" Swali lilitoka kwa Barnaby, naye aliacha kutafuna alipoliuliza.

"Atatoka kwa lango la chini siku hiyohiyo, na joho ataliacha." Kijana akatazama kuta, dari, meza, kisha macho yake yakatua kwa Giles yakakaa. "Baraza linafahamu kwamba humu wamo wazee wa kaskazini."

Nje theluji ilikuwa imefika magotini. Mzee mmoja wao, miaka ya nyuma, aliwahi kuondoka kwa hasira zake mwenyewe wakati kama huu, akakutwa chini ya daraja la Eton, ndevu zimegandiana na shati. Kila aliyekuwa ukumbini alimkumbuka, na hakuna aliyemtaja.

Walipobaki wenyewe, Barnaby alijaribu kuwachangamsha. "Jamani, mnakumbuka haya yote yalianzia wapi? Kwenye ngoma! Mfalme anacheza na mwanamke, kamba ya soksi ya mwanamke ikafunguka, ikadondoka puu. Watu wakaanza kucheka chini chini. Mfalme akaiokota, akaifunga mguuni mwake mwenyewe, akasema: aibu na imrudie awazaye ubaya. Leo tutamtupa mtu handakini kwa ajili ya soksi!"

"Makasisi wanasema si kweli," alisema Hamon. "Wanasema ni mkanda wa kufungia vyuma vya vita."

"Makasisi wana wivu. Soksi hawaruhusiwi kuziona."

Wakacheka, Giles naye akacheka. Halafu akanyamaza kwa sababu neno lile, aibu, lilikuwa limemkwama. Alilisoma kila siku kwenye nguo za madhabahu na kwenye mabamba ya shaba. Siku zote alidhani linawahusu wengine.

Kulipokaribia jua kutua, mwanamke mwenye kikapu cha mikunga, samaki wale warefu kama nyoka, alibisha mlangoni kwake. Giles alikwisha kufungua kinywa amwambie hanunui, akaona shingo yake ndefu.

"Mzee Giles. Hunijui?"

"Ukoo wenu mna shingo moja, bibi mdogo. Ingia upesi."

Alikuwa Thomasin, binti wa pekee wa Everard. Mara ya mwisho Giles alimwona akiwa anapanda mbwa wa baba yake kama farasi. Sasa alikuwa mwanamke mzima aliyekonda, mikono inanuka mto, na alikaa kwenye kigoda bila kuambiwa.

"Sikuja kukuomba umwokoe," alisema. "Hakuna wa kumwokoa. Nimepiga magoti mbele ya kila mlango London. Wengine wamenifungulia ili wapate kunifungia tena."

"Mungu amhurumie."

"Mungu nimemwacha kwanza. Nimekuja kwako." Akavuta pumzi. "Wameniruhusu kumwona mara moja tena kabla ya siku yenyewe. Nilipokuwa kwake juzi, hakuuliza habari za mashamba, wala za mama. Aliniuliza jambo moja. Alisema, 'Watakapomtupa korongo, wote watapiga teke? Hata Giles?' Nikakosa la kumjibu."

Giles aliangalia moto.

"Baba haogopi shoka, mzee wangu. Anaogopa kwamba atakufa akiwa si kitu. Mtu mmoja tu. Mtu mmoja asimame tuli mle kanisani, nimpelekee habari hiyo, basi. Najua nakuomba nini. Nimeiona theluji."

Muungwana akivuliwa nguo huchutama, walisema wahenga, na Giles alimwona Everard amechutama katika chumba cha mawe, mkono umeziba alipoweza kuziba, akiuliza habari za mguu wa mzee mmoja wa Windsor. Kitu kikamfura kifuani. Kwa miaka mingi hakuna aliyemwomba jambo ambalo hakuna mwingine wa kulifanya.

"Mwambie nitasimama," alisema.

"Usiniambie nitasimama. Nitamwambia ulisimama, baada ya kusimama."

"Nitasimama, mwanangu. Nina umri huu, nikimbilie wapi?"

Thomasin akamshika mkono akaubusu, akajitwisha mikunga yake akaenda zake. Giles alikula vizuri jioni ile. Alilala kama mtoto aliyeahidiwa sikukuu.

Asubuhi kanisa lilijaa. Waungwana Maskini walipangwa mistari miwili, toka ngazi za madhabahu mpaka penye mlango wa ndani, na katikati pakaachwa njia. Mpiga mbiu mkubwa alisoma hati ya kumvua Everard kwa sauti ile ile ya upole. Wa pili wake alikuwa ameegemeza ngazi nyuma ya kiti cha akina Stannick na kupanda mpaka juu. Hati ilipofika kwenye maneno "aondolewe miongoni mwa ndugu", mtu wa ngazini akamshika korongo shingo, akamtupa.

Kofia na ndege wake vilianguka pamoja. Mlio wake Giles aliusikia kwenye meno. Ikafuata bendera, ikashuka polepole kana kwamba ina hiari, kisha upanga. Wapiga mbiu wakaanza. Walipiga kwa ustadi, kama watu waliozoea, na kofia ikaja njiani ikibiringika, korongo amevunjika mguu lakini bado amening'inia kwa msumari mmoja. Mzee wa kwanza akapiga. Wa pili akapiga. Hamon Tuke alikosea akapiga sakafu, akarudia. Kila mmoja alipiga huku anatazama pembeni.

Giles alisimama tuli. Naapa alisimama. Kofia ilimfikia ikamgonga ugoko, ikatulia miguuni pake, uwazi wa macho unamtazama. Kanisa likanyamaza. Akahesabu moyoni majina ya watakatifu ili asisikie ukimya ule.

"Mzee Pennifold," aliita mpiga mbiu, bado kwa upole.

Giles aliona mlango wa pembeni ulio wazi, na nje ya mlango weupe wa theluji usio na mwisho, na ndani ya weupe huo daraja la Eton.

"Giles," alinong'ona Barnaby aliyekuwa ng'ambo ya mstari. "Giles, ndugu yangu, usifanye ujinga. Ni chuma tu!"

Mguu ukasogea. Ulikuwa msukumo mdogo, wa aibu, kama mtu anayemfukuza paka wa jirani. Kofia ikazunguka mara moja ikarudi palepale. Mtu mmoja nyuma akacheka. Na hapo ndipo hasira ikampanda Giles. Alijichukia yeye, akamchukia aliyecheka, akamchukia Thomasin kwa kuja na kikapu chake. Kwa muda wa pumzi moja akamchukia na Everard, kwa kuwa mtu mwema kuliko yeye tangu Ufaransa mpaka leo bila kuchoka. Hasira yote hiyo haikuwa na pa kwenda ila mguuni. Akapiga.

Alipiga kwa nguvu ambazo hakujua anazo. Korongo aling'oka kwenye msumari wake. Kofia ikaruka juu ya mawe, ikawapita wazee wote waliosalia, ikagonga mlango na kutoka nje yenyewe.

"Lo!" alisema Hamon Tuke, kwa sauti kubwa ya viziwi. "Teke hilo!"

Watu wa mji walikuwa wamepanga ukingo wa handaki kutazama vitu vikitupwa, maana burudani za bure ni chache wakati wa baridi. Thomasin alikuwa kati yao na kikapu chake. Aliona kofia ikiruka kwenye theluji na korongo akifuata vipande vipande, lakini kilichotokea ndani hakukiona. Giles alipotoka kuvuta hewa, akichechemea, alimkuta kwenye kona ya ukuta.

"Ulisimama?"

Angeweza kusema. Palikuwa na nafasi, palikuwa na pumzi. Alijiambia kwamba ukweli hapa ni ukatili tu, kwamba mtu anayekwenda kufa apewe neno la kufia nalo. Maneno mazuri. Lakini sababu yenyewe ni kwamba aliona haya.

"Nilisimama," alisema.

"Unachechemea."

"Waliisukuma ikanigonga. Sikusogea."

Uso wa Thomasin ukafunguka wote. Akalia pale pale, mkono mdomoni, akamwita baba, akasema Mungu atamlipa. Kisha akashika njia ya London akikimbia kwenye barafu, akateleza, akainuka, akaendelea kukimbia. Giles akarudi kwa lango la juu, joho lake likiwa bado mabegani mwake.

Siku zikapita. Vidole viwili vya mguu vilivimba vikawa vyeusi, na Barnaby akamfunga kwa matambara yaliyochovywa kwenye siki. Kwenye sala majina ya Mabwana yalisomwa kama kawaida, na lilipofika pengo la Stannick, msomaji alilivuka bila hata kumeza mate.

Halafu wakaja wachukuzi wa mashua kutoka London na habari za jukwaani. Everard alikufa vizuri, walisema. Alivaa nyeupe. Alimpa mkata vichwa mkono. Na alipoambiwa anaweza kusema neno, aliwageukia watu akasema hivi: "Wamenivua Ukanda, nami nilidhani nimebaki uchi. Lakini yupo mtu mmoja Windsor, Giles Pennifold, askari wangu. Waliposukuma kofia yangu kwa miguu, yeye mbele ya Mungu na wapiga mbiu alisimama tuli. Wakati yeye amesimama, mimi sijavuliwa." Akainama. Watu wengi walilia, na mmoja alipiga kelele Mungu ambariki Giles. Wachukuzi walisema jina hilo sasa linatajwa kwenye vilabu vyote vya pombe mpaka ng'ambo ya mto.

Barnaby alimgeukia Giles, kinywa wazi. "Alisema nini? Nani alimwambia vitu hivyo?"

Giles alikwenda kitandani mwake akajifunika na joho.

Baraza halikukawia. Alitumwa mjumbe, mtu mnene mwenye macho ya usingizi ambaye hakuwapo siku ya kofia. Akaketi ukumbini na mkuu wa kanisa, na Waungwana Maskini wote wakasimama mbele yao.

"Mhaini alikusifu," alimwambia Giles. "Si jambo dogo. Wapo wajinga wanaokunywa kwa jina lako. Nataka nijue kwa kinywa chako. Uliiwekea mguu kofia ile, au hukuiwekea?"

Basi Mungu alimpa Giles nafasi ya pili, na Mungu hana kawaida hiyo. Giles aliiona waziwazi. Aseme alisimama, na atafukuzwa, na atakufa theluji ikimshika ndevu, na maneno ya Everard yatakuwa kweli. Kila alichokivunja kwa mguu angeweza kukiunga kwa ulimi. Hofu ilikuwepo, lakini safari hii ilikuwa ndogo, mtu angeweza kuivuka kama mfereji.

"Sikuiwekea," alisema. Sauti ilitoka nzima. "Nilisimama tuli. Everard Stannick alikuwa bwana wangu na ndugu yangu, nami sikuigusa kofia yake. Nifanyeni mtakavyo."

Mjumbe akanyanyua nyusi. Mkuu wa kanisa alikuwa anamtazama Giles kama mtu anayesikia lugha ya kigeni.

"Lakini, mzee wangu," alisema mkuu wa kanisa taratibu, "mimi nilikuona."

"Hukuniona."

"Sote tulimwona!" Barnaby alikuwa amekwisha kutoka mstarini, kofia yake mikononi, jasho usoni. "Mheshimiwa, usimsikilize, amezeeka huyu, ana homa ya mguu. Alipiga! Alipiga kuliko sote. Mwonyeshe mguu, Giles! Mtazameni vidole, vimevunjika kwa lile teke!"

"Teke la ajabu," alisema Hamon Tuke. "Kofia ilijitoa nje yenyewe."

"Kweli tupu," alisema mwingine. Na mwingine, "Naapa kwa Mtakatifu George." Mmoja mmoja wakasogea mbele, wazee wasiopatana juu ya kuni wala juu ya nani akae karibu na moto, wakainua mikono na kuapa kwamba Giles Pennifold alipiga teke. Macho ya wengine yalikuwa na machozi. Walikuwa wanamwokoa.

"Nilisimama," alisema Giles. "Jamani, nilisimama. Barnaby, kaka yangu, nakuomba, niachie."

"Unasikia, mheshimiwa? Hajui asemalo."

Wawili wakamshika, wakamkalisha kwenye benchi kwa upole mwingi, wakamvua kiatu. Mjumbe aliinama akaangalia vidole vyeusi, na uso wake ukaonyesha karaha kidogo. Akaridhika.

"Basi vizuri," alisema. "Ni vizuri kuliko nilivyotegemea. Itapigwa mbiu London na miji yote ya kaskazini: kwamba yule aliyesifiwa na mhaini kwenye jukwaa ndiye aliyempiga korongo wake teke kubwa kuliko watu wote, na wenzake wote wameapa hivyo. Wanaokunywa kwa jina lake wapate la kunywea." Akainuka. "Na binti wa mhaini yuko London bado, nasikia. Asomewe yeye kwanza."

Giles alijaribu kuinuka, na wale wawili wakamzuia, wakimwambia tulia, mzee, yamekwisha.

Barnaby alimsaidia kurudi chumbani, akamweka karibu na moto, akaenda kwake akaja na chungu cha njegere zilizopikwa na mfupa wa nguruwe. Mfupa ule alikuwa ameuficha tangu Krismasi, na hakuna binadamu aliyewahi kumwona Barnaby akigawa mfupa. Akampakulia Giles kwanza. Akaketi mbele yake.

"Ulitaka kuniacha peke yangu na wale viziwi," alisema. "Ulitaka ukafie wapi, mjinga wee? Ningekwenda kukuchimbua kwenye theluji kwa mikono yangu." Akapangusa pua kwa mkono wa joho. "Nimeapa mbele ya Mungu kwa ajili yako, na wala hukusema hata asante."

Giles alimtazama rafiki yake. Alitafuta hasira, hakuipata hata ya kuanzia. Nje, mjumbe alikuwa anapanda farasi.

"Asante, Barnaby," alisema.

"Haya. Kula, kinapoa."

Akala.